Leseni ya Masikio

Mlabani, Ifakara

Mpwa wangu Severini, mwanangu,

Barua zote nilizowahi kuandika, na nyingi nimewaandikia watu wa hapa wasioshika kalamu, huanza kwa kusema mimi ni mzima, sijui wewe huko uliko. Hii siwezi kuianza hivyo. Wewe uko hapo Lipangalala tu unawaaga mashangazi, na u mzima, maana mchana umekula wali wangu ukakomba na ukoko. Mwenye shaka ni mimi. Jua bado lipo. Nimekaa barazani, karatasi nimeiweka juu ya sanduku lako la safari, wino ni ule uliobakiza. Nikimaliza nitaitia barua kwenye mfuko wa koti lako, na nakuomba usiifungue kabla ya Kilosa, utakapopanda treni. Ndani ya lori utarushwa rushwa hutasoma kitu.

Sitakuambia habari za blanketi, wala chakula cha njiani, wala ukae upande gani wa lori. Hayo mashangazi zako wanakuambia sasa hivi, wote kwa pamoja, nawe unaitika "ndiyo shangazi" huku unatazama mlango. Mimi nina neno moja tu. Nasema kweli, neno moja la Kiswahili, na unalijua. Lakini unanijua na mimi pia. Siwezi kulifikia neno lile kabla sijapita kwa tembo.

Ulipoletwa kwangu, baada ya dada yangu, mama yako, kufariki kule Mahenge, ulikuwa hulii na husemi. Mtoto anayelia ningemweza. Asiyesema nilikuwa sijapata kumwona. Mke wangu naye alikuwa amekwisha kurudi kwao, akisema nyumba hii ina maneno mengi mpaka mtu hapati pa kuweka usingizi wake. Basi nikakupa tembo. Nikakusimulia jinsi tulivyokuwa kwenye kazi ya waya wa simu, tunauvusha mto kwenda Mahenge, tembo akaja kujikuna mgongo kwenye nguzo, nguzo ikalala, mimi nikaudaka waya kwa meno usiguse maji. Karani wa simu kule Mahenge akasikia pumzi za tembo sikioni, akaruka akasimama wima, akajibu, "Ndiyo, bwana mkubwa!" Alidhani anapigiwa na mkubwa wake. Ukacheka. Kwa hesabu yangu, siku ile ndiyo ulihamia hapa.

Mwaka uliofuata tembo walikuwa wawili. Juzi nilipokuwa nawasimulia wale vijana wa kinu cha mpunga nikasema saba, na wewe ukainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Nilikuona. Tembo alikuwa mmoja, mjomba. Na alikuwa mbali. Lakini nguzo ilianguka kweli, hilo usilitie shaka.

Mimi nimeishi kwa mdomo. Shule ya misheni nilisoma mpaka darasa la pili, na la tatu nikalisikiliza dirishani, ndiyo maana nikiulizwa nasema la tatu. Kazi nilipata kwa mdomo, mke nilipata kwa mdomo, na alipoondoka nilikuwa bado nasema. Na kwa mdomo huu huu niliujaza watu uwanja wangu, halafu nikaumwaga. Kuujaza unakujua, ulikuwepo. Kuumwaga pia ulikuwepo, ila hatujawahi kulizungumza.

Unakumbuka redio ilivyoingia? Betri yake nzito kama mtoto wa nguruwe, tukaibeba kutoka dukani kwa Mhindi, wewe huku mimi kule. Redio ya kwanza Mlabani. Najua mwalimu alikuwa nayo kabla yangu, lakini yake ilikaa chumbani, haihesabiki. Yangu nikaiweka hapa barazani juu ya kigoda, na jioni ya kwanza watu walifika mpaka kwenye migomba. Bibi Oresta, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, alikuja na mkeka wake mwenyewe. Msomaji wa habari wa kule Dar es Salaam alikuwa hajamaliza kusema "Hamjambo, wasikilizaji," yeye ameshaitika:

"Hatujambo, baba, sijui nyie huko!"

Na Athumani, yule mwuza samaki wa Mofu, ambaye hakubali kitu mpaka akishike mkononi. Msomaji akasoma habari za bei ya samaki wakavu.

"Mwongo huyo!" Athumani akasema. "Huyo kambale anamwona kwenye mchuzi tu."

"Taratibu," Bibi Oresta akamwambia, "atakusikia."

"Atanisikiaje, mama? Yuko Dar es Salaam!"

"Wewe si unamsikia? Yeye asikusikie ana nini?"

Watu wote wakageuka kunitazama. "Eti Kasiani, anatusikia?"

Nikakohoa kidogo, nikasema, "Akitaka."

Tangu jioni ile Athumani akawa anamtukana yule bwana kwa adabu. Ndivyo tulivyokuwa. Taarabu ikipigwa Waislamu wanatikisa kichwa, kwaya ikiimba Wakristo wanaitikia, na wote wakiondoka wananiambia mimi asante, kana kwamba nilikuwemo mle ndani naimba. Nami nilikuwa naipokea asante yao bila wasiwasi.

Sasa tumefika kwenye neno. Umeliona? Nimeliandika hapo juu bila kukusudia.

Ule mwaka wa baraza kubwa, yule bwana wa serikali aliposhuka kutoka Mahenge na karatasi ya sheria ya redio, mkalimani wake alikuwa amelala kwenye gari, homa imemkamata kivukoni. Bwana akauliza kama yupo mtu anayejua Kiingereza. Kabla hajafunga kinywa mkono wangu ulikuwa juu. Wewe ulikuwa umekaa mbele, umevaa kaptula ya shule, ukauvuta ule mkono kwa upindo wa shati. Nikakupiga kikofi cha mkono.

Kwanza nilifanya vizuri, kwa Kiingereza changu cha kwenye kazi ya waya, na hili usiruhusu mtu akuambie vingine. Bwana alieleza kwamba zamani kila nchi ilikuwa na leseni yake ya redio na masharti yake, hata mtu akihama Kenya kuja huku na redio yake anaanza upya. Lakini sauti zile zinapita hewani, hazijui mpaka. Basi wakubwa wa Kenya, Uganda na Tanganyika wamekaa meza moja, wamekubaliana maneno yawe mamoja: mwenye redio wa Kisumu, wa Kampala na wa Ifakara wabebe leseni ya namna moja, kwa masharti yale yale. Nikaona watu wamekunja uso. Nikawapa mfano wa mto. Nikasema, vijiji vyote vya mtoni vinaweza kukubaliana macho ya nyavu yawe na upana gani, maana samaki hamwulizi mtu haya ni maji ya kwa nani. Lakini mapatano hayo hayamfungi mvuvi wa Mofu mpaka jumbe wa Mofu mwenyewe asimame awaambie watu wake kwa maneno yao, kwamba kuanzia leo hii ni sheria yetu. Watu wakasema, aaa! Hata Athumani alisema aaa. Nikavimba. Nikasema, "Sasa wakubwa wamekwisha kukubaliana, Tanganyika imeiandika kwenye sheria zake, na leo inaingia Ifakara, na mlango wake wa kuingilia ni mimi!"

Ungekuwa mwisho wa baraza hapo, ningekuwa mtu mwingine leo.

Bwana akasoma kifungu chenyewe. Nikakitoa kwa sauti ya kengele: "Mtu yeyote atakayepokea bila leseni, atashitakiwa."

Bibi Oresta akasimama polepole, akajifunga kanga upya.

"Kupokea?"

"Kupokea, mama."

"Na sisi tunaopokea kila Jumapili?"

Nilisahau, mjomba. Nilisahau kwamba hapa kwetu mtu akisema kupokea, basi, hasemi zaidi, ni komunyo. Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Padre anayo habari hii?" Na Athumani akajipiga mapaja kwa kicheko: "Poleni, Wakristo! Mimi sipokei, nitawaletea chakula jela!"

Hapo palikuwa pa kusema: subirini, nimwulize bwana. Ni maneno mepesi, hata mtoto anayabeba. Wewe mwenyewe ulikuwa unanisemea kwa midomo, nilikuona: mwulize, mjomba, mwulize. Lakini mtu aliyetoka kusema yeye ni mlango, anaulizaje njia? Nikanyoosha kidole juu. "Si kupokea kwa ulimi! Serikali inasema kupokea kwa sikio!"

Wanawake wakashusha pumzi. Athumani akaacha kucheka.

"Kwa sikio? Hata mimi ninayekaa uwanjani kwako nikasikiliza tu? Redio si yangu!"

Watu wakanitazama kama walivyonitazama siku ile ya "akitaka". Na neno likaja lenyewe, zuri, la mviringo, sijawahi kusema zuri kama lile:

"Sikio likipokea, limepokea."

Bwana wa Mahenge, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji ya kuoga, aliona nimesema kwa nguvu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu wakanyamaza. Mimi nikadhani wananiheshimu.

Jioni ile nikaiweka redio kwenye kigoda kama kawaida. Hakuja mkeka hata mmoja. Msomaji akasema "Hamjambo, wasikilizaji," na sauti yake ikapita uwanjani ikaenda mpaka kwenye migomba, hakuna aliyeitika. Ukanitazama. Nikasema "hatujambo", lakini kwa chini, nikaona aibu kama mtu anayeongea peke yake.

Baadaye kidogo ikawa mchezo. Bibi Oresta akipita njiani anavuta kanga mpaka masikioni. Athumani anapita na kapu lake kichwani anaimba kwa nguvu ili sauti nyingine isimwingie, "Sijapokea miye! Sijapokea!" Tulicheka, mimi na wewe. Halafu wakaacha hata kupita, wakashika njia ya nyuma ya kinu. Hapo hatukucheka.

Wewe ndiye uliyekwenda kumwuliza karani wa posta. Ukarudi mbio na jibu: "Mjomba, leseni ni ya redio na nyumba inapokaa. Anayesikiliza hatozwi. Masikio ni bure."

Nikakwambia, "Umeuliza vibaya."

"Niwaambie majirani?"

"Mtoto hawezi kubadili sheria ya nchi tatu."

Hukuniuliza tena kamwe. Masika kadhaa zimekuja zimekwenda, maji yamepanda mpaka mashambani yakashuka, sisi tumekaa wawili mbele ya redio iliyonunuliwa kwa ajili ya kijiji kizima. Nilikuwa najiambia kesho nitawaambia. Kisha nikajiambia wamekwisha kuzoea. Kisha nikajiambia wao ndio walionitupa. Uongo wa mwisho ndio ulionikalia vizuri, nikaishi nao.

Na wewe, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuongea naye zaidi yangu, na mimi nimekwisha kukupa tembo wote, ukaanza kuifungua redio mgongo. Ukajua waya huu unakwenda wapi. Ukawa unasikiliza hata Kiingereza, unarudia nyuma ya msomaji kama anayejibu sala. Walimu wako wanasema ni akili. Mimi nasema ni kile kimya. Ukachukuliwa na watu wa simu na posta, na shule yao iko Kenya, maana kama leseni imekuwa moja kwa nchi tatu, na mafundi nao wanafundishwa mahali pamoja. Juzi nililala nikiwaza hivyo: sheria niliyoiingiza Ifakara kwa makelele inakuchukua wewe, na haipigi hata hodi.

Sina kanzu ya kuhubiria. Lakini utafika siku utakaa nyuma ya dirisha la posta, au utapanda nguzo, na mtu aliyevaa kama Athumani atakuuliza, "Bwana, hili neno maana yake nini?" Utakuwa na kofia, atakuwa hana. Na neno hulijui. Wataliandika wakubwa, litapita Nairobi, litapita Dar es Salaam, na mtu wa mwisho kulitamka mbele ya watu utakuwa wewe. Mwambie, sijui, ngoja niulize. Halafu uulize kweli. Na huko shuleni utakuwa na wavulana wa Uganda na wa Kenya wenye Kiswahili chao, na utakuwa peke yako, na upweke unamfanya mtu aongeze tembo. Mmoja anatosha, mjomba. Wakikupenda kwa mmoja utalala usingizi. Wakikupenda kwa saba, itabidi kesho uwapelekee wa nane.

Ngoja. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Jua limekaribia kuzama, na wino umeanza kukauka kwenye kalamu. Nilibeba redio kichwani na betri ile nzito kwapani, nikavuka njia. Bibi Oresta alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umebeba nini?"

"Mama, nipokee."

Unajua hapa kwetu mtu akisimama mbele yako na mzigo kichwani akasema nipokee, unainuka hata kama mmegombana. Aliweka ungo chini, akanyanyuka, akanyoosha mikono. Halafu mikono ikasimama hewani.

"Leseni yangu ya kupokea iko wapi?"

"Mama, shingo inauma."

"Shingo ni yako. Mimi nauliza leseni."

"Haipo. Haikuwahi kuwepo. Leseni ni ya redio, nimekata mimi. Masikio ni bure."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

Akaitua redio, akaiweka juu ya kinu cha kutwangia kilichofunikwa. "Tulijua," akasema. "Athumani aliuliza posta kabla mbegu hazijaota. Ulifikiri tunaiogopa serikali miaka yote hii?"

"Basi si mngekuja tu!"

"Tuje wapi? Ulitufukuza mbele ya watu wote, kwa mdomo wako, ukiwa umenyoosha kidole hivi. Tukasema, mwenye nyumba atatuita. Hukuita."

Nikaunga betri, nikazungusha kitufe. Kimya. Nikazungusha tena, nikaipiga ubavuni. Hata mkwaruzo haukutoka.

"Imekufa betri," nikasema.

"Basi sema wewe."

Nikafungua kinywa. Tembo alikuwa tayari, nilimsikia anakuja. Lakini kilichotoka si yeye. Nilisema, "Severini anaondoka kesho."

"Najua."

"Sijui nitakaa vipi pale."

Akarudi kwenye mchele wake, akapepeta mara kadhaa, pumba zikanirukia miguuni. "Endelea," akasema. Nikamweleza habari zako, tangu ulipokuwa husemi mpaka koti hili jipya. Sikuongeza kitu, Severini. Nilitafuta pa kuongeza, sikupata. Nilipoinuka nikamwuliza kama kesho atakuja kukaa uwanjani. Akasema, "Betri ikipatikana, tutaona." Hakusema ndiyo. Mimi nimeondoka na hilo hilo.

Redio nimeiacha kwake. Leseni imeandikwa nyumba yangu, na sijui kama sheria ya nchi tatu inairuhusu ilale ng'ambo ya njia. Waulize walimu wako, uniandikie walivyosema. Unaona, nauliza.

Nakusikia unakuja, unapiga mluzi karibu na kinu. Utaingia utaona kigoda kitupu utaniuliza redio iko wapi, nami nitakwambia nimemwazima bwana wa Mahenge, aliniomba sana. Wewe inama ufunge kamba ya kiatu. Na kesho kwenye lori nitawatangazia watu wote kwamba unakwenda kuwa mkubwa wa waya zote kutoka hapa mpaka Uganda. Niache niseme. Lori likishatimua vumbi nitakuwa sina wa kunivuta shati.

Ukifika andika, hata mstari mmoja. Mimi nipo hapa Mlabani, barazani. Napokea.

Mjomba wako wa tembo mmoja,

Kasiani